Andes kwa Kalenda ya Wenyeji

Anayekwenda Peru kwa mara ya kwanza huwa ameshapanga safari yote kuizunguka Machu Picchu. Si vibaya. Mji ule wa mawe unastahili sifa zake, na tiketi zake lazima zinunuliwe mapema kwa sababu idadi ya wageni kwa siku imewekewa kikomo. Lakini Machu Picchu haina wakazi. Ukitaka kuona watu wa Andes wanavyoishi na urithi wao, tafuta kwanza kalenda: nani anasherehekea nini, wapi, mwezi gani. Huko Peru, Bolivia na Ekuador sherehe hufuata misimu ya kupanda na kuvuna pamoja na sikukuu za watakatifu, na atakayechelewa wiki moja atakuta mafundi wanabomoa majukwaa.

Juni ndio mwezi mnono. Tarehe 24 Cusco huadhimisha Inti Raymi, sikukuu ya jua. Wahispania waliipiga marufuku katika karne ya 16, na wenyeji wakaifufua mwaka 1944 kama igizo kubwa la hadharani linalosemwa kwa Kikechua. Viti vya kwenye ngome ya Sacsayhuamán huuzwa kwa bei ya watalii, tena bei kali. Hata hivyo sehemu za mwanzo hufanyika Qorikancha na kisha Plaza de Armas katikati ya mji, ambako hakuna anayekudai tiketi. Amka alfajiri, vaa koti, tafuta mahali pa kusimama.

Ningeambiwa nichague tukio moja tu la mwezi huo, ningeliacha igizo niende darajani. Katika jimbo la Canas, juu ya mto Apurímac, jamii nne za wakulima hukutana kila Juni kulisuka upya Q'eswachaka, daraja la kamba za nyasi lenye urefu wa mita 28 hivi. Kila familia huleta fungu lake la kamba nyembamba. Wanawake husokota, wanaume huzikusanya kamba hizo na kuzisuka kuwa nene, kisha daraja la mwaka jana hukatwa na kuachwa lianguke mtoni. Kazi huchukua siku tatu, ya nne ni ya ngoma na chakula. Hakuna anayelipwa mshahara. Leo kwangu, kesho kwako, na utaratibu huo wenyewe wanauita ayni. UNESCO iliuweka ujuzi huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013, ila watu wa pale walikuwa wakilisuka daraja lao karne nyingi kabla ya orodha hiyo kuwapo. Mgeni hukaa pembeni, hulipa kiingilio cha jamii, na havuki mpaka aambiwe kwamba sasa ruhusa. Kutoka Cusco ni saa kadhaa za barabara ya milimani.

Bolivia ina kalenda yake. Tarehe 24 Januari, La Paz hufungua Alasitas, soko la vitu vidogo vya mfano: nyumba ya kukaa kiganjani, gari, shahada ya chuo, mabunda ya noti. Unanunua kile unachotaka kukipata mwaka huo, na saa sita mchana unakipeleka kubarikiwa. Kabla ya Jumatano ya Majivu kuna Karnivali ya Oruro na ngoma zake za mashetani. Agosti ni mwezi wa Pachamama, mama ardhi, na sadaka huchomwa majumbani na hata maofisini. Ekuador, ukifika katika Juma Kuu, utapewa fanesca, supu nzito ya nafaka na kunde inayopikwa kwa samaki mkavu. Usipokuwa na bahati ya sikukuu, lenga angalau siku ya soko: Otavalo, Ekuador, ni Jumamosi, Tarabuco karibu na Sucre, Bolivia, ni Jumapili.

Kabla ya yote hayo kuna suala la pumzi. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anakumbuka kwamba kituo cha Horombo kiko mita 3,720, na alikifikia kwa miguu siku ya pili huku mwili ukizoea polepole. Hapa ndege inakutua juu ya hapo kwa mara moja. Cusco iko mita 3,400 hivi. Wenye busara hushuka uwanjani Cusco na kuendelea moja kwa moja hadi Bonde Takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, chini ya mita 3,000, wakalala huko siku mbili tatu ndipo wakarudi mjini. Siku ya kwanza usibebe mzigo mzito, usinywe pombe, kula kidogo. Dawa ya asetazolamidi husaidia, lakini ipate kwa daktari, hasa kama mwili wako haupatani na dawa za salfa. Kuumwa kichwa ni jambo la kawaida. Kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema huku umekaa si kawaida: teremka bila kungoja asubuhi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa Wazungu hulitaja kwa nadra, nalo linatuhusu sisi Waafrika. Mgonjwa wa selimundu asipande Andes bila ushauri wa daktari wake, kwa kuwa hewa yenye oksijeni haba inaweza kumletea mashambulizi makali. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu sana. Pima kabla ya kuondoka. Ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa huko, nenda hospitali na uwaambie madaktari waziwazi kuhusu damu yako, maana wao hawaoni wagonjwa wa namna hiyo mara kwa mara.

Kuhusu lugha, Kihispania cha sokoni kinatosha kukufikisha mbali, lakini mama anayeuza viazi huenda amekulia kwenye Kikechua au Kiaimara. Cusco salamu ni allillanchu, naye atakujibu allillanmi. Upande wa La Paz na ziwa Titicaca ni kamisaki, na jibu lake waliki. Msalimie mtu kabla ya kumuuliza bei, kama ungefanya kwenu. Picha huombwa. Wanawake waliovaa nguo za kienyeji na kushika mwanakondoo katikati ya Cusco wako kazini, kwa hiyo patana nao malipo kabla ya kupiga. Mama wa sokoni asiyetaka picha atakugeuzia mgongo, na hapo mambo yameisha.

Kwenye Titicaca, visiwa vya Taquile na Amantaní hupokea wageni majumbani. Familia za Amantaní hupokezana zamu ili fedha isiishie kwa mtu mmoja. Peleka zawadi ya jikoni: mchele, sukari, matunda, vitu vinavyofika kisiwani kwa mashua. Taquile, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, tena wakitembea, na rangi ya kofia humwambia anayejua kuisoma kama mvaaji ana mke au bado. Wanawake hufuma mikanda. Lala angalau usiku mmoja. Wageni wa mashua ya asubuhi huona maonyesho ya saa mbili na kuondoka. Jioni wenyeji hurudia maisha yao, nawe ukiwapo utamenya viazi pamoja nao.

Ukitaka kununua kitambaa, nenda kwanza ukaone kinavyotengenezwa. Kijiji cha Chinchero, karibu na Cusco, kina vyama vya wafumaji wanaosokota sufu mbele yako na kuitia rangi kwa majani, mizizi na mdudu mdogo aishiye kwenye mpungate. Akisagwa hutoa wekundu, na ndimu kidogo huugeuza wekundu huo kuwa rangi nyingine. Kitambaa cha mkono cha kienyeji aghalabu huwa safi pande zote mbili. Unyuzi ukichomwa, sufu hunuka nywele zilizoungua, plastiki huyeyuka na kuganda. Blanketi inayouzwa kituo cha basi kwa bei ya chai, hata muuzaji akiapa ni alpaka, ni plastiki. Na kitambaa kilichochukua wiki kadhaa kukifuma usikipatane hadi nusu bei.

Msomaji Mwafrika atakutana pia na sura yake mwenyewe katika milima hii. Wahispania waliwaleta Waafrika watumwa hadi kwenye migodi ya fedha ya Potosí, na wazao wao wako hadi leo katika mabonde yenye joto ya Yungas. Basi dogo kutoka mtaa wa Villa Fátima, La Paz, hukuteremsha hadi Coroico, na kutoka hapo kijiji cha Tocaña si mbali. Huko ndiko kwenye saya, ngoma ya makundi ya ngoma za ukubwa tofauti na kiongozi anayeimba huku wengine wakimjibu. Katika kijiji cha Mururata yuko Julio Pinedo, mkulima aliyevishwa taji la ufalme wa Waafrika wa Bolivia mwaka 1992. Katiba ya mwaka 2009 iliwatambua rasmi kama mojawapo ya jamii za taifa hilo. Kaskazini mwa Ekuador, Bonde la Chota lina ngoma ya bomba, ambapo wanawake hucheza na chupa kichwani, na limetoa wachezaji wengi wa timu ya taifa ya soka.

Jiandae na upande wa pili pia. Karnivali ya Oruro ina ngoma ya Morenada, yenye vinyago vyeusi vya macho na midomo iliyotokeza. Mji wa Latacunga, Ekuador, una Mama Negra, mwanamume aliyejipaka masizi usoni. Wenyeji watakueleza kwamba ni heshima au kumbukumbu ya utumwa. Waulize, wasikilize, nawe una haki ya kutopendezwa. Mitaani watu watakukodolea macho, wengine wataomba picha nawe. Nako kukataa kunaruhusiwa.

Mezani, wasiopenda mageni wataanzia kwenye viazi. Andes ndiko viazi mviringo vilikotoka, na chuño, viazi vilivyogandishwa kwa baridi ya usiku, vikakanyagwa na kukaushwa juani, hukaa miaka bila kuoza. Cuy ni simbilisi. Watu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania na wa Kivu hawatashangaa. Nyumba yenye mti mrefu uliofungwa mfuko mwekundu inauza chicha ya mahindi, nayo ina kilevi. Chicha morada, ya mahindi ya zambarau yaliyochemshwa, haina, na Mwislamu ataifurahia pamoja na samaki wa ziwani, trucha; nyama aulizie, kwa kuwa mafuta ya nguruwe hutumika sana. Kabla ya kunywa, mimina tone moja chini, kwa Pachamama.

Majani ya koka utapewa kwenye chai au mkononi. Yapokee kwa mikono miwili. Ni halali Peru na Bolivia, na ni sehemu ya ibada na ya salamu. Lakini yatatokea kwenye kipimo cha dawa za kulevya, na kwetu sheria haiyatofautishi na kokeini, kwa hiyo lisitoke jani hata moja wala pakiti ya chai yake ndani ya sanduku lako. Kagua mifuko ya koti pia.

Vilevile epuka kununua vitambaa vya kale na vyungu vya kaburini, hata vikiuzwa kwa siri na kwa bei rahisi. Kijiji cha Coroma, Bolivia, kiliibiwa mavazi matakatifu ya mababu yake, yakauzwa Marekani, na yalianza kurudishwa mwaka 1992 baada ya mvutano mrefu. Kwa kitambaa kipya, omba risiti yenye jina la chama cha wafumaji na uiweke pamoja na pasipoti na cheti cha homa ya manjano, kwa sababu ofisa wa forodha anaweza kuitaka.