Mguu wa Kushoto Uache Upumzike

Anayetoka kwenye gari la manyuo na kuingia kwenye otomatiki huwa na lalamiko moja: unakanyaga mafuta, gari linasuasua kwanza ndipo linachanganya. Wapo waliojitafutia dawa. Wanaendesha kwa miguu miwili, wa kulia kwenye mafuta na wa kushoto kwenye breki, wakiamini gari linakuwa jepesi na breki inakuwa jirani. Mimi naipinga tabia hiyo katika barabara zetu. Lakini lalamiko lenyewe ni la kweli, kwa hiyo tuanze nalo.

Kwenye magari ya zamani pedali ya mafuta ilifungwa waya uliokwenda moja kwa moja kuvuta kibati kinachofungua njia ya hewa ya injini. Magari mengi ya Kijapani tunayoyanunua leo hayana waya huo. Pedali inapeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua kibati kifunguke kiasi gani. Ikishatoka kwenye injini, nguvu haikutani na klachi ya kukanyaga. Inapita kwenye tokyuu konvata, ambayo husukuma mafuta ya giaboksi mpaka mafuta hayo yazungushe upande wa pili. Halafu giaboksi nayo inatakiwa kushusha gia. Kwenye giaboksi ya aina ya CVT hakuna hata gia za kushusha: injini inaunguruma kwanza, mwendo unafuata nyuma yake. Ukijumlisha yote hayo unapata kuchelewa kidogo, pengine sekunde nzima, na gari ni zima kabisa.

Sekunde moja si jambo dogo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula takribani mita 22 kila sekunde. Ndiyo maana dereva wa otomatiki hana budi kuomba nguvu mapema kuliko alivyozoea.

Chukua mfano wa kulipita lori barabara ya Chalinze kwenda Segera. Wengi hulisogelea lori hadi mkiani, wakiona mwanya wanachomoka, wakishafika upande wa pili ndipo wanakanyaga mafuta. Hapo ndipo wanapoisikia ile sekunde, wakiwa uso kwa uso na basi. Fanya kinyume. Kaa nyuma kwa nafasi ya kutosha, upande wako, uone mbele. Njia ikiwa nyeupe, kanyaga mafuta kwa uthabiti ukiwa bado upande wako, na usikilize. Utaona mshale wa mizunguko ya injini unaruka, tuseme kutoka 2,000 hadi karibu 4,000, na mgongo unasukumwa kwenye kiti. Gia imeshuka. Sasa toka. Likitokea gari mbele kabla hujatoka, unainua mguu tu, na bado uko kwenye njia yako salama.

Kama gari lako lina kitufe cha O/D ubavuni mwa mkono wa gia, kibonyeze kabla ya kuanza. Taa ya O/D OFF itawaka kwenye dashibodi na giaboksi itaacha gia ya juu kabisa, kwa hiyo nguvu inakuja upesi zaidi. Ukishapita, kirudishe, maana ukikisahau utaunguza mafuta bure. Na mguu ukishakanyaga, utulie. Kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kunaifanya giaboksi ipande na kushuka gia bila mpangilio, na hapo ndipo gari linapoonekana zito kweli.

Kama kuchelewa kumeanza majuzi tu, au gari linatetemeka likianza kuondoka, hilo ni suala la fundi: chujio la hewa, plagi, uchafu kwenye njia ya hewa, mafuta ya giaboksi yaliyochoka au yasiyo ya aina yake.

Tuje kwenye mguu wa kushoto. Wanaoutetea wana hoja: mguu ukiwa tayari juu ya breki, unaokoa ule muda mfupi wa kuuhamisha wa kulia. Wanakumbusha pia kwamba madereva wa rali wanautumia, na ni kweli. Tangu miaka ya 1960 madereva wa Skandinavia waliokuwa na Saab na Mini walishika breki kwa kushoto huku kulia kukiwa kwenye mafuta, ili gari linalovutwa na tairi za mbele likunje kona bila injini kupoteza nguvu. Lakini dereva wa rali amefungwa mikanda kuanzia mabegani, amefundisha mguu huo kwa miaka, na breki zake zinakaguliwa na mafundi kila baada ya muda mfupi.

Mguu wako wa kushoto umekulia kwenye klachi. Unajua kitu kimoja tu, kwenda hadi chini kwa haraka. Uweke kwenye breki, na gari litasimama ghafla mpaka bodaboda aliyeko nyuma aingie kwenye buti. Ukiuzoesha kuwa laini, utaanza kuulaza juu ya pedali. Taa za nyuma zitawaka muda wote, aliyeko nyuma hatajua lini unasimama kweli, na pedi zitapata moto bila sababu. Ubaya mkubwa zaidi unakuja wakati wa mshtuko. Mtu akishtuka hujikaza miguu yote miwili, na kama kila mguu una pedali yake, gari linaamriwa kwenda na kusimama kwa pamoja. Magari mapya mengi yana mfumo wa kukata mafuta breki ikikanyagwa. Mengi ya zamani hayana.

Mguu wa kulia nao hukosea. Huko Marekani katika miaka ya 1980, magari ya Audi 5000 yalilaumiwa kwamba yanachomoka yenyewe. Mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa chanzo kikubwa kilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani ni breki. Ile kufuli inayokulazimisha kukanyaga breki kabla ya kutoa gia kwenye P ilienea kutokana na sakata hilo.

Kinga ya kosa hilo la mguu wa kulia ni kisigino. Kaa vizuri, kiti kiwe mahali ambapo goti linabaki limepinda kidogo hata ukikandamiza breki hadi mwisho. Weka kisigino cha kulia mbele ya breki, si mbele ya mafuta. Ukitaka mafuta, kisigino kibaki chini na vidole vigeuke kulia. Ukiachia, mguu unarudi wenyewe kwenye breki. Mguu wa kushoto ukae kwenye sehemu yake pembeni, uukandamize hapo unapokunja kona. Wakati wa kurudi nyuma uwe makini zaidi: ukigeuza kiwiliwili kutazama nyuma, nyonga inazunguka na mguu unahama bila wewe kujua. Kipange kisigino upya kila unapogeuka, na kwenye maegesho achia breki taratibu tu, gari litajisogeza bila mafuta. Kandambili vua, na kapeti isiyofungwa itoe.

Kwenye mteremko kama Kitonga, ukitoka Iringa kwenda Dar es Salaam, weka gia ya 2 au L kabla hujaanza kushuka. Baadhi ya CVT zina S au B. Injini itanguruma, na huko ndiko kulishikilia gari. Breki uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha uiachie ipoe. Usishuke ukiwa kwenye N hata mara moja. Ukisikia harufu ya pedi kuungua, simama pahali salama kabla pedali haijawa laini.

Mwenye ulemavu wa mguu wa kulia ana njia yake sahihi: gari lililofungwa pedali ya mafuta upande wa kushoto na fundi anayeijua kazi hiyo.

Na wewe unayemkabidhi ndugu yako gari la otomatiki baada ya kujifunzia manyuo, mpeleke kwanza kwenye uwanja mtupu, ukae pembeni yake, umtazame miguu mpaka uone ule wa kushoto umetulia.