SOMO LA SAYANSI: PUMZI YA KWANZA YA MTOTO

Leo tujifunze jinsi hewa na majimaji yanavyopita pamoja katika mirija midogo sana. Usiseme halikuhusu, wewe mwenyewe ulilipitia siku uliyozaliwa.

Jaribio
Chukua mrija mwembamba, kama ule wa wino wa kalamu, uliooshwa vizuri. Chovya ncha yake majini, kisha uinue. Tone limebaki ndani, halidondoki. Sababu ni kwamba uso wa maji hujivuta kama ngozi ya ngoma, na maji hushika kuta za mrija. Sasa puliza: tone husogea kwa kusukumwa. Mrija ukiwa mwembamba zaidi, au matone yakiwa mengi yaliyotenganishwa na hewa, kazi huwa ngumu zaidi. Mfaransa Jules Jamin alilieleza jambo hili mwaka 1860.

Ndani ya mapafu
Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa majimaji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe. Akizaliwa, hewa huingia kwenye mirija ambayo mingine haifiki upana wa milimita 1, huku ikiyasukuma majimaji mbele mpaka kwenye vifuko vya hewa. Huko hunyonywa na kuta na kuingia mwilini.

Lakini vifuko hubaki na unyevu, na unyevu ule hujivuta. Mtoto akitoa pumzi, vifuko vingeweza kunata na kufunga kama mfuko wa plastiki uliolowa. Kwa hiyo mapafu hutengeneza kitu kiitwacho safaktanti, ambacho hupunguza mvuto huo kama sabuni inavyofanya kwenye maji.

Mtoto njiti
Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua walipungukiwa na safaktanti. Hatari hii ni kubwa zaidi kabla ya wiki ya 34 ya mimba. Mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza kwamba sindano ya steroidi kwa mama husaidia mapafu ya mtoto kukomaa mapema. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani alieleza jinsi alivyowatibu watoto kwa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Wazazi wetu, sindano ile huhitaji muda kufanya kazi. Mama akishikwa na uchungu au chupa ikipasuka kabla ya wakati, awahishwe hospitali saa ileile. Kungoja mpaka asubuhi kunaweza kumgharimu mtoto pumzi yake.

Maswali
1. Kwa nini tone halidondoki kutoka kwenye mrija mwembamba?
2. Safaktanti inafanya kazi gani?
3. Kwa nini mama aliyeshikwa na uchungu mapema asicheleweshwe?