Kava la mashine ya kuchomelea: kitambaa, vipimo na mshono

Pita kwenye karakana za vyuma za Gerezani, Dar es Salaam, utazame mashine za kuchomelea wakati hazitumiki. Moja imefunikwa kiroba cha saruji, nyingine karatasi la nailoni, nyingine iko wazi kabisa huku grainda ikimwaga cheche hatua chache pembeni. Mimi ni fundi cherehani, na kushona makava ya mashine hizi ni kazi ninayoipenda sana. Kifaa kinacholisha familia ya fundi kinastahili kupimwa na kushonewa kwa uangalifu, kama tunavyompima bwana harusi.

Kwanza tuelewane kava linazuia nini. Mashine nyingi ndogo za siku hizi ni za inverta. Ndani mna bodi ya saketi, na feni inayovuta hewa ya karakana kupitia matundu ili kuipoza. Unga wa chuma kutoka kwenye grainda ukituama juu ya matundu, feni ikiwashwa unaingia wote. Chuma kinapitisha umeme. Unga ukijikusanya juu ya bodi unaunganisha njia zisizotakiwa kukutana, na mashine inapiga shoti. Hapa pwani kuna adui wa pili, hewa ya chumvi na unyevu, inayoleta kutu kwenye skrubu na viungio vya nyaya.

Mashine ikiwa kazini, kava halina msaada wowote. Likibaki juu yake linaziba hewa na kuiunguza. Kazi yake ni zile saa ambazo mashine imezimwa na grainda bado inalia, na usiku kucha.

Kitambaa

Chagua kanvasi ya pamba tupu, nzito, ya gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba. Jinzi nzito ya pamba tupu pia inafaa. Achana na viroba: plastiki yake inayeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, na cheche ya grainda inaitoboa papo hapo. Polista inastahimili hadi karibu nyuzi 250, lakini ikifika hapo inayeyuka na kuganda juu ya mashine. Karatasi la nailoni lina ubaya mwingine: linafungia unyevu ndani, na asubuhi unakuta mashine imetoka jasho.

Dukani usiamini maneno peke yake. Omba nyuzi chache, toka nje, uziwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Nyuzi za plastiki zinajikunja na kuacha kidonge kigumu.

Kitambaa ukikipata, kifue kwa maji ya moto na kukianika kabla ya kukata, maana kanvasi mpya husinyaa. Usikipake nta wala mafuta ili kizuie maji. Utakuwa umetengeneza utambi.

Vipimo

Pima mashine ikiwa imepoa na imechomolewa. Chukua urefu kutoka mbele hadi nyuma ukihesabu na vitufe vilivyochomoza, kisha upana, kisha kimo pamoja na mpini wa kubebea. Wengi wanapenda kutoboa tundu la mpini. Mimi sitoboi, kwa sababu tundu hilo ndilo mlango wa vumbi.

Tuchukue mashine yenye urefu wa sentimita 40, upana 16 na kimo 30. Ongeza sentimita 4 kwenye urefu na 4 kwenye upana ili kava livalike bila kung'ang'ania. Kwenye kimo punguza sentimita 2, ili chini pabaki wazi na hewa ipite. Sasa unashonea 44 kwa 20 kwa 28.

Kava zima ni vipande vitatu. Kipande kirefu kinaanzia mbele, kinapita juu na kushuka nyuma: 28 na 44 na 28, jumla 100. Ongeza sentimita 4 za pindo kila mwisho, na nafasi ya mshono sentimita 1.5 kila upande. Utakata 108 kwa 23. Mbavu ni mbili, kila moja 47 kwa 33.5. Kwenye kitambaa chenye upana wa sentimita 150, vyote vinaenea ndani ya sentimita 60. Nunua mita moja, kinachobaki kina kazi yake.

Kushona

Tumia sindano namba 18 na uzi mnene wa pamba, na hatua ya mshono iwe ndefu, milimita 3.5 hadi 4. Cherehani ya kukanyaga inaiweza kazi hii vizuri. Kwenye kona zungusha gurudumu kwa mkono.

Tia alama ya chaki katikati ya kipande kirefu na katikati ya ukingo wa juu wa kila ubavu. Kutanisha alama, anza kushona hapo katikati kuelekea kona. Ukibakiza sentimita 1.5, simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nyanyua mguu, kata kidogo nafasi ya mshono ya kipande kirefu bila kuufikia uzi, geuza, shuka hadi chini. Rudi katikati, shona upande wa pili. Kwa utaratibu huu, tofauti yoyote ndogo ya ukataji inaishia kwenye pindo, ambako inarekebishika.

Piga ovaloki kingo zote. Lalisha nafasi za mshono upande wa ubavu, piga pasi, kisha pitisha mshono wa pili kwa juu. Malizia kwa kukunja pindo mara mbili. Usitie lastiki chini, maana inakaba njia ya hewa.

Mfuko wa plagi

Hiki ndicho kipengele ninachokithamini kuliko vyote. Kwa kitambaa kilichobaki, shona mfuko mdogo juu ya kava, wenye mfuniko na kamba mbili za kufungia. Fundi akimaliza kazi anaiacha feni izunguke mpaka mashine ipoe, anazima, anachomoa, anavisha kava, kisha anapandisha waya na kuifungia plagi ndani ya mfuko. Kesho yake, hata kijana mgeni wa karakana hawezi kuwasha mashine iliyovikwa, kwa sababu plagi imefungwa juu ya kava lenyewe. Ili aipate, lazima aliguse, akishaligusa, atalivua.

Utunzaji

Kava livuliwe taratibu, likikunjwa kwa ndani, ili vumbi la juu lisimwagikie matundu. Likung'utwe nje na lifuliwe likishika unga. Na kumbuka, pamba haiyeyuki lakini inaungua. Cheche za kuchomelea zinaweza kuruka hadi mita 10, na ndogo moja inaweza kufukuta kwenye mkunjo bila moshi kuonekana. Kabla ya kufunga karakana, papasa kila kava.

Fundi wa kuchomelea, usikubali kuuziwa kava la plastiki kwa sababu tu linang'aa. Nawe fundi cherehani mwenzangu, chukua futi kamba uende karakana ya jirani yako wiki hii. Kazi ipo, kitambaa hakizidi mita moja, na mashine utakayoivisha inamlisha mtu.