Bakuli la Jiwe la Tabaka

Huko Tabaka, katika nchi ya Kisii, jiwe laini huchimbwa kwa mikono, nalo huwa jeupe, la waridi au la kijivu. Hata mtu wa Nyamira apendaye kujichongea bakuli la nyumbani hana haja ya mashine. Panga, kisu, patasi na msasa humtosha.

Kwanza jiwe lilowekwe majini, kwani likiwa limelowa hukatika kwa wepesi. Lenye ufa liachwe. Umbo la nje huchongwa mbele, ndipo tumbo huchimbwa kidogo kidogo. Mwenye haraka hulitoboa, na kazi ya siku nzima hupotea.

Pambo na liwe la moyo wa mwenyewe: mpiga obokano achore obokano na nyuzi zake 8, mfugaji ng'ombe wake. (Wengi huiga simba na twiga wapendwao na wageni, wasiopata kuonekana kijijini kwao.)

Jambo la hatari ni vumbi. Likivutwa siku nyingi hudhuru mapafu; basi msasa utumike jiwe likiwa limelowa, na watoto wasikae karibu. Likiisha kukauka juani, hupakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa hata ling'ae.