Kifua Kikuu Nje ya Mapafu: Namna ya Kuyaelewa Majibu ya Kipimo cha Maji ya Mwili

Watu wengi hudhani kwamba asiyekohoa hawezi kuwa na kifua kikuu. Dhana hiyo si sahihi. Bakteria wa ugonjwa huu, waliotambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, huweza kushambulia tezi, mifupa, tumbo, utando wa mapafu, utando wa moyo na hata utando wa ubongo. Mgonjwa wa namna hii anaweza kupimwa makohozi, akaambiwa hayana vimelea, akarudi nyumbani akiamini kwamba yu salama ilhali ugonjwa unaendelea. Somo hili linaeleza kipimo anachoweza kuandikiwa, na mipaka yake.

Kwa nini maji hupimwa

Utando wa mapafu ukishambuliwa, maji hujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mgonjwa hupata homa, kichomi na kukosa pumzi. Mtaalamu humtia dawa ya ganzi, kisha huvuta maji hayo kwa sindano.

Ugumu ni kwamba vimelea ndani ya maji hayo huwa vichache mno. Kwa wagonjwa walio wengi hadubini haivioni. Kuviotesha maabara huweza kuchukua wiki 6 hadi 8, na mara nyingine havioti kabisa. Kipimo cha vinasaba hutoa majibu upesi, lakini nacho huwakosa wagonjwa wengi wenye maji kifuani.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hutafuta pia viashiria vya kibayolojia, yaani alama ambazo mwili wenyewe huziacha unapopambana na ugonjwa. Kinachotumika sana ni kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminasi, kwa kifupi ADA. Kiwango chake katika maji ya kifuani kikizidi yuniti 40 kwa lita, na seli nyingi katika maji hayo zikawa za aina ya limfosaiti, kifua kikuu hushukiwa kwa nguvu, hasa katika nchi zenye wagonjwa wengi kama Tanzania, Kenya na Uganda.

Kiashiria si kimelea

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. ADA huonesha jinsi mwili unavyopambana; haimwoneshi adui mwenyewe. Huweza kupanda pia kwa mtu mwenye usaha kifuani, saratani ya tezi za limfu au baridi yabisi. Tena, haisemi kama vimelea vina usugu wa dawa. Kwa hiyo ADA haipaswi kuchukua nafasi ya kipimo cha vinasaba na kuotesha vimelea, bali iende pamoja navyo.

Katika maji ya uti wa mgongo tahadhari huzidi. Hakuna kiwango kimoja kinachokubaliwa na wote, na kiwango cha chini hakiondoi shaka. Kifua kikuu cha utando wa ubongo huua upesi; daktari akikishuku, anaweza kuanzisha dawa kabla majibu yote hayajarudi.

Kwa watu wanaoishi na VVU kipo kipimo cha mkojo kinachotafuta LAM, ambayo ni sehemu ya ganda la bakteria mwenyewe. Majibu hupatikana kwa takriban dakika 25. Hata hivyo, kutoonekana kwa LAM hakumaanishi kwamba ugonjwa haupo.

Jihadhari na vipimo vya damu vinavyouzwa kwa madai ya kugundua kifua kikuu kwa kutafuta kingamwili. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike, kwa kuwa majibu yake hayaaminiki.

Maswali ya kumwuliza mtoa huduma

1. Je, sampuli hii itafanyiwa vipimo gani, na inatosha kwa vyote?
2. Je, vimelea vitatafutwa kwa kipimo cha vinasaba na kwa kuoteshwa?
3. Je, kuna ugonjwa mwingine unaoweza kueleza majibu haya?
4. Majibu ya kuotesha yatatoka lini, na nitayapataje?
5. Ni kipimo kipi kinatolewa bure, na kipi nitalipia?

Tunza nakala ya majibu yako na uende nayo kila unapohudhuria kliniki. Usianze dawa kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa kwenye karatasi, wala usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu maji yamekauka na homa imeshuka. Tiba ya kawaida huchukua miezi 6, na ya utando wa ubongo huweza kuwa ndefu zaidi. Ukizidi kudhoofika, au ukipatwa na maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa, wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama majibu ya awali hayakuonesha kitu.