Kulipwa kwa kuchelewesha mashine

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha barafu Mombasa, nawauzia wavuvi. Nasikia Uingereza watu hulipwa wakipunguza umeme saa fulani. Inakuwaje, na mimi naweza kufaidika?

JIBU: Barafu inafaa sana kwa jambo hili, maana ukiigandisha mapema inakusubiri.

Mfano mzuri ni Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Umeme wa jua na upepo ni mwingi huko, lakini nyaya za kuusafirisha hazitoshi. Kampuni ya Centrica iliendesha soko la majaribio lililomalizika mwaka 2020. Nyumba 100 zilifungiwa betri, na wenye biashara wakajiunga. Katika soko la aina hiyo, mwenye nyaya hutangaza kwamba mtaa fulani utaelemewa saa fulani. Wenye betri au mashine zinazoweza kusubiri hutaja bei zao. Anayechaguliwa hupunguza matumizi, mita ikathibitisha, akalipwa. Mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kufukia kebo mpya kwa ajili ya saa chache za mwaka.

Kwetu Kenya, kilicho karibu nalo ni bei ya umeme kwa saa. Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa zilianza kupewa nusu bei ya uniti usiku, saa 4 hadi saa 12 asubuhi siku za kazi, kwa matumizi yanayovuka kiwango walichowekewa. Uliza kama akaunti yako inaingia humo na kama mita yako inatofautisha saa. Kisha kagua mpira wa mlango wa stoo: ukivujisha baridi, punguzo lote litayeyuka kabla mashua hazijarudi.