Tajiri Mwingine Akikuita: Kwa Vijana wa Mauzo wa Nhica do Rovuma, Pundanhar na Palma

Kijitabu hiki ni cha kijana aliyeajiriwa kuuza: anayesimama kaunta, anayezungusha kapulana vijijini, anayekaa kwenye kibanda cha M-Pesa au e-Mola. Ana mwaka mmoja au miwili kazini, na sasa tajiri mwingine, mara nyingi wa Palma, amemwambia: "Njoo kwangu, utapata zaidi." Wengi huuliza zaidi ni kiasi gani. Sisi tungependa waanze na swali hili: mwezi ambao hakuna anayenunua, nitalipwa nini?

Mwezi wa namna hiyo tunaujua. Mwaka 2019 uamuzi wa kuwekeza kwenye mradi wa gesi wa Afungi, jirani na Palma, ulipopitishwa, Palma ilijaa wageni na maduka. Tarehe 24 Machi 2021 mji ukashambuliwa. Mwezi uliofuata TotalEnergies, kampuni inayoongoza mradi huo, ikatangaza kwamba umesimama kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na tangazo hilo halikuondolewa hadi mwishoni mwa 2025. Ukimbizi uliwakumba wote, lakini kijana wa komisheni tupu hakuwa hata na mshahara wa kudai. Sasa mradi umeamka na wauzaji wanatafutwa tena. Kuhamia Palma si kosa. Kosa ni kupiga hesabu kwa mwezi mnono peke yake.

Tuchukue mfano. Tajiri wa sasa, hapa Nhica, anakupa metikali 12,000, nawe unalala kwenu. Wa Palma anaahidi 10,000 na komisheni "mpaka 8,000". Neno "mpaka" ndilo la kulichunguza. Mwezi mzuri utashika 18,000; mwezi mbaya ni 10,000, na ukitoa 3,000 za chumba unabaki na 7,000, bado chakula. Muulize, mbele ya mtu wa tatu, muuzaji aliyekutangulia alipata komisheni gani mwezi wa chini kabisa. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu.

Umeshapita misimu yote?

Katika vijiji vya barabara ya Palma kwenda Pundanhar na Nangade, fedha huja kwa msimu. Korosho zikiuzwa, hata bati na redio hutoka. Idi ikikaribia, kitambaa. Mvua zikikolea, watu hununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, tena kwa mkopo. Kijana aliyeuza msimu wa korosho tu hajajua bado kama anaweza kuuza. Wateja walikuja wenyewe. Kwa maoni yetu, kama unalipwa kwa wakati na unaheshimiwa, maliza kwanza mzunguko mmoja wa mwaka. Utaondoka ukijua nani hulipa deni na nani hukwepa, na ujuzi huo una bei kwa tajiri yeyote.

Lakini kuna mambo yasiyostahili kusubiriwa. Mshahara unaochelewa kila mwezi. Shoti unayokatwa bila bidhaa kuhesabiwa ukiwapo. Makato ya INSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yasiyofika huko: kwa kawaida mfanyakazi hukatwa asilimia 3 na mwajiri huongeza asilimia 4, nawe una haki ya kwenda kuuliza kama yameingia. Ukikuta hayajaingia, tatizo hilo halitibiwi na uvumilivu wako.

Mkataba usomewe na mtu wako

Mkataba huandikwa kwa Kireno. Kama unauza kwa Kiswahili na Kimakonde lakini Kireno chako ni cha salamu, mpelekee mwalimu au ndugu akusomee neno kwa neno. Asikusomee karani wa tajiri. Sikiliza sana sehemu ya kipindi cha majaribio na sehemu ya mali. Je, bidhaa zikiporwa njiani, au duka likiachwa wazi watu wakikimbia, hasara ni ya nani? Kwingineko swali hili lingeonekana la ajabu. Hapa liulize, na jibu liandikwe. Ujue pia kwamba likizo huanza upya kwa mwajiri mpya: mwaka wa kwanza ni siku 12.

Namna ya kuondoka

Toa notisi kwa maandishi, kwa siku zinazotakiwa. Anayetoroka anaweza kudaiwa fidia. Kisha hesabuni bidhaa, fedha taslimu na floti pamoja, mbele ya shahidi. Daftari la madeni lisomwe jina kwa jina, kila kiasi kikubaliwe, wote mtie sahihi, na nakala moja ubaki nayo. Wapo wanaoona aibu kumdai tajiri karatasi, hasa akiwa mjomba au rafiki wa baba. Mwambie, "Mjomba, ni kwa usalama wetu sote," uhesabu hivyo hivyo. Wateja usiwaambie waache kulipa madeni ya duka la zamani. Nhica ni ndogo, na tajiri mpya atasikia kabla hujafika kwake.

Mkishindwa kuelewana, COMAL ndiyo tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nenda na mkataba, risiti za mshahara na ile karatasi ya makabidhiano. Namba yako ya INSS ni ile ile kwa kila mwajiri: mpe tajiri mpya siku ya kwanza, asikufungulie nyingine.